Maliwali Walioipoteza Dunlarig

Ngome ya Dunlarig ni ya mfalme, lakini aibu zake ni zetu sisi tunaoishi chini yake. Imejengwa juu ya mwamba ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili, ina kuta nene kuliko vyumba vyetu vya kulala, na bado kila liwali aliyekabidhiwa aliipoteza. Miji mingine ya Uskoti ina ngome ambazo watu walizifia kishujaa. Sisi tuna hii.

Ndiyo maana wazee wetu waliweka sharti. Liwali mpya hafunguliwi lango mpaka asimame nje, kichwa wazi, awataje waliomtangulia na jinsi kila mmoja alivyoipoteza ngome. Kisha huulizwa yeye ataipotezaje. Hujibu huku mpiga zumari ya mfuko akishikilia sauti moja tu, bila kuvuta pumzi nyingine. Watu wakicheka kabla mfuko haujaisha upepo, anaingia. Wasipocheka, anarudi alikotoka. Sir Mungo, mtu wa kujisikia kupita kiasi, alikataa kujicheka, akaishia kuwa liwali wa chumba cha juu cha baa, na humo ndimo alimofia. Wazee waliamini kwamba mtu asiyeweza kujicheka si wa kupewa mizinga.

Brigadia mstaafu Ninian Galbraith alilijua sharti hilo vizuri, na lilimnyima raha. Hakuwa mtu wa mizinga. Alikuwa ofisa wa ugavi. Maisha yake yote ya jeshi alipambana na mablanketi, na hata hayo, kama alivyopenda kujisema mwenyewe, yalimshinda zaidi ya mara moja. Alichojua ni kupanga, kufunga na kubandika lebo. Kuchekesha hakujua. Siku ya harusi yake alitoa hotuba ya utani, mama mkwe akalia, na yale hayakuwa machozi ya furaha.

Uliwali aliutaka kwa ajili ya mkewe. Ishbel ni mtoto wa mji huu. Alimfuata Ninian kambi baada ya kambi, kila kambi akapanda mtufaha, na kila mtufaha ulipozaa walikuwa wamekwishahamishwa, matunda yakaliwa na wengine. Nyuma ya nyumba ya liwali, ndani ya ngome, kuna bustani ndogo iliyokingwa upepo. Alipokuwa msichana, Ishbel alikuwa akiichungulia kupitia ufa wa ukuta mpaka walinzi wamfukuze. Sasa magoti yake yalikuwa mabovu, nyumba ya jeshi walisharudisha funguo zake, na mahali pengine pa kwenda hawakuwa napo. Ninian alipomwona akifunga miche yake ya mitufaha kwa magunia mabichi, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa vitani, ingawa yeye mwenyewe angekuambia kwamba vitani alikuwa nyuma sana.

Asubuhi ya kukabidhiwa walikuwa kwenye nyumba ya wageni karibu na bandari. Uji wa shayiri ulikuwa umepoa mbele yake.

"Umekula kijiko kimoja," Ishbel alisema.

"Nafanya mazoezi."

"Haya, hebu nisikie."

Ninian alijikohoza. "Jenerali mmoja na punda wake waliingia kwenye ghala la jeshi..."

"Ninian. Ile ya punda?"

"Nimeibadilisha mwisho."

"Ile nimeisikia tangu tukiwa wachumba. Punda mwenyewe ameshaichoka."

"Kule mesi ya maofisa walicheka."

"Ulikuwa bosi wao, mume wangu. Walikuwa wanataka likizo." Alimsogezea kikombe cha chai. "Vitu vyote vimekwenda?"

Hapo Ninian alikuwa kwenye uwanja wake. Jana yake lori lilikuwa limepandisha mizigo yote ngomeni kupitia mlango wa nyuma, ule wa wapishi, na kila sanduku lilikuwa na lebo kwa mwandiko wake ulionyooka. Vyombo vya jikoni. Vitabu. Miche, usiitingishe. Hakuna kilichosahaulika. Alijisikia vizuri kiasi cha kumaliza uji.

Mvua ilikuwa imeanza walipofika langoni, ile mvua yetu isiyonyesha kweli wala isiyokatika. Mji mzima ulikuwepo. Meya, Jessie Tulloch, muuza samaki, alivaa mkufu wa umeya juu ya koti lake la mvua. Kando yake alisimama Hector Mouat na zumari yake, pua nyekundu, macho yamevimba.

"Hector ana mafua," Jessie alimnong'oneza Ninian. "Pumzi hana. Usijizungushe."

Ninian akaitazama ile pua nyekundu. Akavua kofia, akaanza.

"Fergus Mwekundu, liwali wa kwanza. Alikwenda harusini, akaacha lango wazi ili akirudi asiwaamshe watu."

"Ikapotea," umati uliitikia.

"Sir Walter Baird. Maadui walikuja wamevaa magauni ya wauza samaki. Ndevu zao aliziona. Lakini aliona na samaki, akafungua."

"Ikapotea." Jessie aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Kanali Gilchrist. Alishikilia msimu mzima wa baridi. Alikula farasi, kisha akala mikanda ya farasi. Kumbe mfalme aliyempigania alikuwa ameshapatana na adui, na hakuna aliyekumbuka kumwambia."

"Ikapotea," watu walisema, safari hii kwa sauti ya chini, maana waliokula naye ile mikanda walikuwa babu zetu, na wengine hawakuishi kuisimulia.

Aliendelea hivyo, mpumbavu mmoja baada ya mwingine, akamgusa Sir Mungo na chumba chake cha baa, mpaka akamfikia wa mwisho, ambaye alikuwa ameketi mbele kabisa na blanketi magotini, uzee umempumzisha kazi.

"Jenerali Pringle. Alitoka alfajiri na nguo za kulalia kumfukuza paka. Lango likajifunga. Akapanga foleni na watalii."

"Ikapotea," umati ulisema, na Pringle akapunga mkono kama bwana harusi.

Hector akajaza mfuko. Jessie akapaza sauti. "Na wewe, Ninian Galbraith, utaipotezaje?"

Sauti ya zumari ikatoka, nyembamba, ikitetemeka. Ninian alimtazama Ishbel, aliyekuwa ameegemea fimbo yake mvuani, macho yake hayako kwa mumewe bali kwenye ule ufa wa ukutani. Akajikaza.

"Jenerali mmoja na punda wake," alisema, "waliingia kwenye ghala la jeshi."

Akaimaliza yote. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kama punda alikuwa amekufa.

"Hiyo ndiyo uliyobadilisha mwisho?" Ishbel aliuliza polepole.

Hector alikuwa amegeuka rangi ya zambarau. Sauti ya zumari ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Onyesha ufunguo basi," mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Labda huo utachekesha."

Desturi ni kwamba ufunguo wa lango, wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto, hulala nje na liwali mpya kabla hajaingia. Jessie aliuleta mwenyewe kule nyumba ya wageni jana yake asubuhi, kabla lori halijaondoka, umefungwa kwa kitambaa. Ninian akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akaingiza kwenye mfuko mwingine. Akatoa kipande cha lebo kisichotumika. Alikitazama, na damu ikamshuka mpaka kwenye buti.

Angeweza kusema umeibwa. Wazo hilo lilimpitia, na kwa sauti ya Sir Mungo.

"Nimeshaipoteza," alisema.

"Sema kwa nguvu, mzee. Hatukusikii."

"Nasema ngome nimeshaipoteza, na bado sijaingia. Ufunguo niliuweka kwenye sanduku ili nisiusahau. Sanduku nikalibandika lebo." Akaiinua ile lebo tupu. "Lebo inasema, Vitu Muhimu Sana, Vibebwe kwa Mkono. Kisha nikalipakia kwenye lori na mikono yangu mwenyewe."

"Na sanduku liko wapi?" Jessie aliuliza, akianza kushindwa kuukaza uso.

Ninian akaelekeza kidole kwenye lango lililofungwa. "Liko ndani. Nimeufungia ufunguo wa ngome ndani ya ngome. Gilchrist alikula mikanda ili adui asiingie. Mimi nimewazuia wote, hata nafsi yangu."

Aliyecheka kwanza alikuwa Ishbel. Alicheka akiishikilia fimbo kwa mikono miwili, cheko ambalo Ninian hakuwa amelisikia tangu kambi za mwanzo. Pringle akafuata, blanketi likaanguka. Kisha mji mzima ukavunjika mbavu, na Hector naye akacheka, upepo wote ukamtoka kwa mkupuo mmoja, zumari ikalia kama nguruwe aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza.

"Wamecheka kabla mfuko haujaisha upepo," Jessie alitangaza, akijifuta machozi kwa mkufu wa umeya. "Karibu ngomeni, Liwali. Ingia."

"Niingilie wapi?"

Wakacheka upya.

Waliingilia mlango wa wapishi, ambako Jessie huleta samaki kila Ijumaa, liwali mbele, mji mzima nyuma ukiteleza kwenye magamba. Ninian alitembea akijua kabisa kilichompata. Siku moja mtu fulani atasimama pale nje kichwa wazi, atamfikia Galbraith, atalitaja lile sanduku, na watu wataitikia. Alingoja aibu ije. Haikuja, au ilikuja imechoka, ikakaa pembeni.

Sanduku alilikuta ukumbini, lebo yake imenyooka vizuri. Alilifungua, akaukabidhi ufunguo kwa Ishbel aushike kidogo wakati yeye akipeana mikono na kumimina wiski. Wageni walipopungua alimtafuta mkewe nyumbani, asimwone.

Alikuwa bustanini, amepiga magoti mabovu yale kwenye udongo uliolowa, mche mmoja wa mtufaha umeegemea begani mwake. Alikuwa anachimba shimo. Majembe yalikuwa kwenye sanduku ambalo bado halijafunguliwa, hivyo alikuwa anachimbia ufunguo wa kifalme wa Dunlarig, akiushika kwa mikono miwili, umejaa tope mpaka kwenye pete yake ya kushikia.

Ninian alifungua kinywa. Maliwali wote wa zamani walifungua vinywa pamoja naye.

"Huu nitauona ukizaa," Ishbel alisema bila kugeuka. "Sihami tena, Ninian. Ukihamishwa, nenda peke yako."

Ninian akapiga magoti karibu naye, suruali ya sherehe na yote, akaushikilia mche usimame wima. Udongo ulipokwisha kushindiliwa, alitoa mfukoni ile lebo iliyobaki. Akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka, akaifunga kwa uzi kwenye ule ufunguo, na tangu siku hiyo ndiyo tunayoisoma kila tunapotaka kufungua lango. Imeandikwa: Ufunguo wa Ngome. Ukikosekana, muulize Ishbel bustanini.