Dhahabu kwenye Pindo la Pazia

"Usilivute!"

Glenys Prosser alitoa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua, lakini Mair Bowen wa kanisani kwao alikuwa ameshalishika pazia la kijani la sebuleni na kulivuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefunga lango la zizi. Pindo la chini likagonga mguu wa kiti. Ulikuwa mlio mdogo, mzito, usio wa kitambaa.

"We! Umetia mawe humu?" Mair akacheka. "Mimi nakuzibia baridi, dada, wewe unanipigia kelele kama nimemkanyaga paka."

"Ni vyuma vya kunyooshea. Pazia zito lazima liwe na uzito chini, la sivyo linapinda."

Hapo alisema nusu ya ukweli. Kila fundi wa mapazia katika bonde lile hutia vyuma vidogo kwenye pindo, na Glenys alikuwa ameshona mapazia ya nusu ya nyumba za mtaa wao, zile zilizopangwa bega kwa bega kuanzia kanisani hadi kituo cha basi. Lakini pindo hili halikuwa na chuma. Lilikuwa na sarafu kumi na moja za dhahabu, kila moja na uzito wa wakia moja, kila moja imeviringishwa kwa kitambaa cha flaneli na kushonewa kijifuko chake. Upande mmoja wa sarafu palikuwa na kichwa cha mtawala. Upande wa pili alisimama Britania, yule mwanamke mwenye kofia ya vita na mkuki wa ncha tatu, anayetazama bahari utadhani inamdai.

Shemasi Tudor Rees alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho kilichogongwa. Hakuvua koti. Hakuna aliyevua koti. Boila, mtambo wa kupasha nyumba ile joto, ilikufa mwezi wa Novemba, na sasa ilikuwa Februari. Walipozungumza, pumzi zao zilitoka nyeupe.

"Glenys, dada yangu," Tudor alisema, "hatukuja kunywa chai."

"Mimi nimekuja kunywa chai," Mair alisema. "Wewe sema ya kwako."

Tudor akatoa bahasha mfukoni. Bahasha nene, ya rangi ya kahawia, imefungwa kwa mpira.

Ngoja kwanza ieleweke dhahabu ile ilifikaje pale. Idris, mume wa Glenys, aliendesha basi miaka thelathini na miwili. Wakati mmoja waliweka akiba yao yote katika chama kidogo cha mtaani, na chama kile kikafunga mlango siku ya Ijumaa na Jumatatu hakikufungua. Idris hakupiga kelele. Alikaa jikoni siku mbili na kofia yake ya kazi magotini. Baada ya hapo, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa alinunua sarafu moja kwa pesa za zamu za ziada. Kiwanda kinachozitengeneza kilikuwa nyuma ya mlima tu, basi lake lilipita karibu na lango lake. "Hii haina meneja," alisema, akiipima kiganjani. "Na siku ukiiuza kwa faida, serikali haikudai kodi, maana ni pesa halali ya ufalme. Tazama, imeandikwa paundi mia." Ilikuwa imeandikwa paundi mia kweli, ingawa hakuna mwenye akili ambaye angeitoa kwa paundi mia. Hospitalini, siku za mwisho, alimwambia, "Ni za siku mbaya, Glen. Siku mbaya tu."

Tangu hapo Glenys alikuwa akiingoja siku mbaya. Kila ilipokuja, aliiona haijawa mbaya vya kutosha.

Boila ilipokufa alimwita fundi, fundi akataja bei. Bei ile sarafu moja ingeilipa na chenji ikabaki. Usiku ule Glenys akachukua mkasi mdogo, akafumua sehemu ya pindo, akaitoa sarafu na kuiweka kwenye mwanga wa taa. Kisha akatazama simu yake. Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda wiki nzima. Ngoja kidogo, akajiambia, ngoja mpaka Krismasi. Akashona. Krismasi ikafika, bei ikapanda zaidi. Ngoja mpaka Pasaka. Alishona tena kwa mshono wa siri, ule usioonekana nje wala ndani, kazi aliyosifiwa nayo bonde zima.

Na hakumwambia mtu. Watu wa pale watakusimulia upasuaji wa tumbo lao katikati ya duka, mpaka idadi ya nyuzi, lakini wana pesa kiasi gani hawatakuambia hata uwafunge kamba. Akiulizwa "Unaendeleaje, Glen?" alijibu kama wote wanavyojibu: "Siwezi kulalamika." Ila yeye alijibu hivyo akiwa amevaa sweta mbili na glavu zilizokatwa vidole, macho chini. Yaliyobaki watu walijijazia wenyewe. Aliwaona wakijijazia. Akawaacha.

"Ni paundi elfu moja na mia nne," Tudor alisema. "Kanisa zima limetoa. Mpwa wangu ataifunga boila bila kuchukua hela ya kazi. Usiseme hapana."

"Akisema hapana nampiga na buli," Mair alisema. "Unajua nimezunguka milango mingapi na goti hili? Hata Eirwen wa ng'ambo ya barabara ametoa ishirini. Nikamwambia, wewe acha, wewe mwenyewe unanunua umeme kidogokidogo, wa kulipia kabla kwenye mita. Akanifokea! Akaniambia, 'Mair Bowen, mimi si maskini kiasi hicho, chukua hela uondoke.' Noti yake ndiyo hiyo hapo juu, iliyokunjwa mara nne."

Glenys akaitazama bahasha. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu: nina dhahabu, iko hapo nyuma ya kisigino chako, Tudor. Lakini kusema hivyo kungekuwa kusema pia Novemba, na Krismasi, na sweta mbili.

"Sijui niseme nini," alisema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Basi tuombe," Tudor alisema.

Wakainamisha vichwa. Tudor aliomba vizuri. Alikuwa na sauti ya kwaya ya wanaume. Aliomba Bwana amtazame mjane huyu asiye na akiba wala msaidizi, aliyestahimili baridi bila kunung'unika, awe kielelezo kwao wote wanaolalamikia vitu vidogo. Glenys alifumba macho kwa nguvu mpaka akaona miduara ya manjano. Uso ulimwaka. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba alihisi joto ndani ya nyumba ile.

"Amina," Tudor akasema.

"Amina," akasema Mair.

Wakangoja.

"Amina," Glenys akasema.

Walipoondoka hakuigusa bahasha. Kwa mazoea tu mkono ukaichukua simu. Bei ilikuwa imepanda tena. Mahali fulani mbali mji ulikuwa umepigwa mabomu alfajiri. Ndivyo dhahabu ilivyo, hupanda watu wanapoogopa. Kila Jumapili alisimama kanisani na wenzake kuiombea dunia amani, na kila Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua Biblia, alitazama kama dunia imeharibika kidogo. Dunia ilipolala salama bei ilishuka, na chai yake haikuwa na ladha. Alikuwa akilijua hilo siku nyingi, lakini hakuwahi kulitazama usoni. Sasa alilitazama. Akaiweka simu kifudifudi mezani, kama mtu anayefunika chakula kilichooza.

Asubuhi ya Alhamisi alipiga magoti mbele ya pazia. Alifumua mshono wake mwenyewe, tundu kwa tundu, akatoa sarafu moja. Alipanda basi la kwenda mjini Cardiff na kukaa nyuma ya dereva, sarafu ndani ya glavu, glavu ndani ya mkoba, mkoba tumboni.

Mwanamke wa duka la dhahabu aliiweka kwenye mizani, akaipima unene, akaigeuza chini ya lenzi.

"Ina mikwaruzo hapa pembeni, mama. Kama ya sindano."

"Ni sindano."

"Haidhuru. Sisi tunanunua uzito, hatununui sura." Akamtajia bei, nzuri kuliko alivyotegemea. "Unazo nyingine?"

"Hapana," Glenys akasema. "Ni hiyo tu."

Hakuna aliyemlazimisha. Yule mwanamke hakumjua wala hangemwona tena. Uongo ulitoka wenyewe, laini, kama uzi uliopakwa nta. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiusikia.

Jioni alimpigia Tudor. Alikuwa amejiandaa kusema yote, lakini Tudor alipokea simu kwa furaha kubwa, na yeye akajikuta anasema tu, "Nimepata pesa mahali, Tudor. Ya boila yote. Nataka kurudisha mchango wa watu."

Tudor akavuta pumzi, na Glenys akasikia kwamba analia.

"Bwana asifiwe! Siku mbili tu tangu tuombe, Glenys! Siku mbili! Nitalisimulia Jumapili mbele ya kanisa lote. Utasimama pembeni yangu, sawa? Watu wamechoka, dada. Wanahitaji kusikia kwamba anajibu."

"Tudor, si hivyo..."

"Usione aibu. Kupewa si aibu."

Akakata simu ili akamwambie mkewe.

Ijumaa nzima Glenys hakushona. Suruali ya mtu ilikaa mezani na pini zake. Akilini alimwona Tudor mimbarani, alimwona yeye mwenyewe pembeni, watu wakifuta machozi, na Mungu akitazama ushuhuda wa uongo ukitolewa kwa jina lake. Boila mpya ilikuwa imeagizwa. Ingekuja Jumanne, na nyumba ingekuwa na joto, na kila akigusa bomba la joto, lingekuwa linamsimulia uongo wake.

Jumamosi baada ya saa nane mchana alitoa noti moja kwenye bahasha, ile iliyokunjwa mara nne, akavuka barabara. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyoanguka bali inayokaa tu hewani. Akabisha mlango wa Eirwen.

Eirwen alifungua akiwa bado na sare ya usafi wa shule, mikono imepauka kwa dawa ya sakafu.

"Glen! Ingia, unalowa. Nina vikeki vya zabibu, vimeungua upande mmoja, utakula upande wa pili."

"Siingii." Akanyoosha noti. "Hii ni yako."

"Hiyo nimetoa. Mair amesema nini tena? Yule mwanamke mdomo wake hauna kitasa."

"Mair hana kosa. Eirwen, mimi nina dhahabu."

Eirwen akacheka. "Na mimi nina farasi wa mashindano. Ingia bwana."

"Nina sarafu kumi za dhahabu. Zilikuwa kumi na moja. Moja nimeuza juzi. Idris aliziacha. Ziko kwenye pindo la pazia. Zilikuwapo siku ile Tudor anaomba." Alisema haraka kwa sauti moja, kama mtu anayesoma maandishi ya dawa. "Zilikuwapo Novemba. Ningeweza kununua boila Novemba. Nilikuwa nangoja bei."

Kicheko cha Eirwen hakikukatika ghafla. Kiliisha polepole, usoni kwanza, kisha mabegani.

"Bei," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilizima hita chumbani kwa mama siku tatu kwa ajili ya hiyo ishirini. Nikamvalisha kofia. Nikamwambia, mama, vumilia, Glenys ana hali mbaya kuliko sisi. Akasema, maskini Glen."

Mkono wa Glenys ulikuwa bado umenyooka, noti inaloana.

"Na zipu ya koti langu," Eirwen akasema taratibu, "ulinitoza sita. Nikakupa saba. Ukasema 'Mungu akubariki' ukaichukua."

"Nilichukua."

"Tudor anajua?"

"Bado. Kesho anataka kunisimamisha mbele, aseme ni muujiza. Nitasema kabla hajaanza. Nimeanza na wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wengine watanisamehe upesi."

Kutoka ndani sauti ya kizee ikauliza ni nani mlangoni. Eirwen alimtazama Glenys kuanzia viatu mpaka nywele zilizolowa, kwa makini, kama anavyotazamwa mtu anayekuja kuishi mtaani mara ya kwanza. Kisha akaichukua noti. Hakuipokea; aliichomoa katikati ya vidole vyake, ncha kwa ncha, wasigusane.

"Kesho kanisani sijui kama nitakaa nawe benchi letu," alisema.

"Najua."

"Hujui. Mimi mwenyewe sijui."

Mlango ukafungwa, si kwa kishindo. Ulikuwa na kioo cha ukungu juu, chenye nakshi za matone ya mvua, na nyuma yake umbo la Eirwen lilibaki limesimama, samawati ya sare na weupe wa uso usio na macho wala mdomo. Halikuondoka. Glenys naye hakuondoka. Matone yalitelemka upande wake wa kioo, na umbo lile likapinda, likanyooka, likapinda tena. Ndani, ile sauti ya kizee iliita mara ya pili.