Mkalimani Aliyepika Mayai ya Wifi

Mwanga mwekundu, mdogo kama punje ya mtama, unapepesa mezani kwangu. Unapepesa, unatulia, unapepesa. Nautazama, nao unanitazama. Sema, basi! Sema neno, wewe chipu, wewe kidude usiyezidi ukucha wa kidole gumba changu. Sema neno moja tu la lugha niliyokutungia, nikaoge.

Lugha yenyewe niliitunga kwa maneno ya nyumbani. Washa. Zima. Pima. Kama. Subiri. Nikaitungia na mkalimani, programu ya kukaa katikati, asome mstari wa mtu na kuufanya tendo la mashine, kisha mstari unaofuata, na unaofuata. Kwenye kompyuta ya mezani alisema kama kasuku. Kwenye chipu akawa bubu. Kompyuta ina kumbukumbu ya uwanja mzima. Chipu ina ya mfuko wa shati. Nikapunguza, nikakata, nikabana. Nilikuwa nimemfundisha mkalimani adabu, kwamba mtu akikosea aambiwe, "Samahani, hapo mstari wa tatu sijakuelewa." Adabu hiyo haikuenea. Ikabaki "Kosa 3." Ile "samahani" niliifuta huku roho inaniuma.

"Kwani lugha zilizopo zina nini?" mume wangu aliuliza, akipita na kikombe chake.

Zina dada yako, nilitaka kumjibu.

Naam, yote haya ni kwa ajili ya wifi yangu. Si wifi ile ya mtandao, inayokatika kila wingu likipita. Huyu wangu hakatiki. Anafuga kuku, ana sanduku la kutotolea vifaranga alilolipigilia mbao mwenyewe, na alikuwa amechoka kuinuka kila mara kuizima taa yake ya joto, kuiwasha, kuizima. "Nitengenezee kitu cha kunitazamia joto," aliniambia. "Ila maagizo niandike mwenyewe, kwa Kiswahili changu. Sitaki kukupigia simu kila kuku akikohoa."

Siku chipu ilipofungua mdomo nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Wifi akaja, akaandika yake kwa vidole viwili: joto likizidi, zima, likipungua, washa, subiri dakika kumi, pima tena. Niliijaribu kwenye kompyuta wiki nzima, haikukwama. Nikaihamishia kwenye chipu. Asubuhi wifi akaiwasha, akafunga mlango, akaenda zake sokoni bila kugeuka nyuma.

Jioni simu ikalia.

"Wifi."

"Abee."

"Yameiva."

"Nini kimeiva?"

"Mayai. Yote. Nimepasua moja, limeganda kama la kuchemsha. Si ungeniambia tu niandae chumvi?"

Kisha akakata simu. Heri angefoka.

Nikatafuta kosa. Nikatafuta kwenye nyaya, nikatafuta kwenye taa, nikatafuta, aibu yangu, kwenye maagizo ya wifi, nikitamani liwe lake. Halikuwa lake. Kwenye kompyuta, sawa. Kwenye chipu, balaa. Nikabadilisha hiki, nikarudisha kile. Kwenye kompyuta, sawa. Kwenye chipu, balaa.

Mpaka nikalipata. Chipu huhesabu sekunde tangu iwashwe, na mimi, kwa ubahili wa nafasi, kila nambari nilikuwa nimeipa chumba chembamba. Ikifika elfu thelathini na mbili na ushei, chumba kinajaa, na nambari inayofuata inaporomokea chini ya sifuri. Kwenye kompyuta chumba ni kipana, sekunde zinapita zikiringa. Kwenye chipu, alasiri ile, saa ilirudi nyuma kupita hata asubuhi yake. Mkalimani wangu, mtiifu, mpole, akawa anasubiri wakati wa kupima ufike, na wakati huo kwake ulikuwa mbali kama kiyama. Taa ilikuwa inawaka. Ikaendelea kuwaka.

Nilicheka kile kicheko cha mtu anayetafuta kitu cha kurusha. Nikakurusha wewe, chipu. Ukatua kwenye kochi, ukaendelea kupepesa.

Haya, nikapanua vyumba. Lakini kupanua huku ni kubomoa kule: nikang'oa hesabu za vipeo, fahari yangu, ambazo kuku hawazihitaji. Nikaianzisha saa karibu kabisa na ukingo ule, kwenye chipu yenyewe, nikakodoa macho. Ikavuka. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika.

Nikaenda kumweleza wifi kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Sawa," akasema. "Safari hii sanduku linakaa kwako."

Likakaa, na mayai mapya ndani. Sebuleni, kati ya kochi na televisheni, wiki tatu, na mume wangu akipita upande upande kama mgeni. Nilikula nikilisikiliza, nilifagia nikilisikiliza. Taa ikizimika, nashtuka. Taa ikiwaka, nashtuka. Ee chipu, hujui ulivyonizeesha.

Halafu asubuhi moja, mume wangu akivaa viatu, sanduku likatoa sauti, nyembamba kama uzi.

"Kuna mtu humo," akasema, kiatu kimoja mkononi.

Wakatoka wengi, mayai machache hayakupasuka kabisa. Wifi akaja mbio, akachungulia, akamtoa mmoja ambaye manyoya yake yalikuwa bado yamelowa, akamkumbatia kifuani bila kusema kitu. Nikangoja asante. Akamrudisha kwa wenzake, akaivuta kompyuta yangu, akaanza kugonga. Akasonya.

"Wifi, hawa wakishatoka joto linatakiwa lishuke kidogo kidogo, siku hadi siku. Lugha yako ina washa, ina zima. Pole pole iko wapi?"

"Haipo."

"Lugha gani hiyo haina pole pole?"

Nikafumba macho. Mle ndani ya chipu nafasi iliyobaki haitoshi hata kupiga chafya.

"Sogea," nikamwambia, nikavuta kiti.