Mkono wa Pili

Jirani yangu Mama Ndeoya aliwahi kuniuliza pale bombani, "Nyie watu wa farasi, mbona asubuhi mnasalimiana kama mko harusini? Mnapendana kweli, au mnaogopana?" Nilicheka tu. Ndoo ikajaa, nikaondoka. Usiku wa kuamkia leo nimeota naulizwa tena swali hilohilo, na anayeuliza ni ndoo.

Kabla sijasimulia, mjue nililala na nini moyoni. Pale zizini ninapofanya kazi, karibu na Usa River, wageni hupanda farasi kwenda kutazama mashamba. Tuna desturi moja: farasi hatoki mpaka mikono ya watu wawili ipite kwenye mkanda wa tumbo unaoshikilia tandiko. Wa kwanza hufunga. Halafu farasi hutembezwa hatua chache, kwa sababu ni mjanja, wakati wa kufungwa huvuta pumzi akajaza tumbo. Akishaitoa, mkanda unalegea, na hapo mkono wa pili hukaza.

Jumamosi tandiko lilizunguka na mgeni akaning'inia chini ya tumbo la farasi. Bega likateguka. Aliyefunga ni Nanyaro, baba wa watoto wanne, na leo saa mbili alikuwa apewe na meneja barua ya kuachishwa kazi. Mkono wa pili ulikuwa zamu yangu. Nilisema "tayari" bila kugusa. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujitaja. Nilisali nikalala, lakini sala yenyewe nayo ilikuwa imelegea.

Basi ndoo inauliza, na kabla sijajibu nimo zizini, ila zizi lina mabenchi ya kanisani. Farasi wameketi. Hawaonekani kupata taabu.

Anayeongoza kikao ni Subira, yule jike la kijivu, mzee wetu. Amevaa miwani ya marehemu mume wangu. Namwambia imemkaa vizuri. Anasema anajua.

Kikao hakianzi kwa ajenda. Kila farasi kwanza anamkuna mwenzake bega kwa meno, pale ambapo mwenyewe hafiki. Wanafanya taratibu, hakuna anayeharakisha, na aliyekunwa anageuka kumkuna aliyemkuna. Nikawaza, kwaya yetu ina miaka kumi na tisa na hatujawahi kuanza hivi. Ndiyo maana ugomvi hautuishi.

Nyuma kabisa amesimama Radi, dume jekundu lenye nguvu kuliko wote. Hakai. Namuuliza ana adhabu gani.

"Nimesimama ili anayetaka kusinzia asinzie," anasema.

"Nani amekuamuru?"

"Zamu inajijua, mama."

Mara ubao wa sheria unashuka ukutani kwa ngazi yake mwenyewe, unakohoa, unajisoma: asiyekuwepo hasemwi, akisemwa, aletwe. Radi, bila kufikiri, ananung'unika kwamba Kaaya mleta nyasi analeta nyasi zilizolowa. Papo hapo Kaaya yupo, ameketi juu ya kigoda chake, kikombe cha chai mkononi. Radi anayarudia yale yale mbele ya uso wake. Kaaya anasema ni kweli, turubai limepasuka. Anamalizia chai, anatoka kupitia dirishani, anarudi kwake.

Nilistaajabu sana. Kwetu jambo kama lile lingekula miezi mitatu, na watu wawili wasingepeana tena mkono wa salamu.

Nageuka, na zizi limekuwa jiko langu. Farasi wote wameenea, sijui vipi. Tandiko linaingia likichechemea, linasema liliangushwa Jumamosi na linaomba kujua kwa nini. Subira anauuliza mkanda wa tumbo ni mikono mingapi ilipita juu yake.

"Mmoja," mkanda unajibu. "Wa Nanyaro. Alinifunga vizuri."

"Tumbo lilikuwa langu," anasema Subira. "Nilivuta pumzi. Huwa navuta." Hakuna aliyemcheka wala kumsuta. Aliye karibu naye alimkuna bega, basi.

Kisha wananitazama mimi. Hawana hasira hata kidogo. Heri wangenipiga teke.

Nikaanza kusema kwamba Nanyaro ni mtu mzima, angeweza kujitetea. Sikuimaliza sentensi. Nanyaro amesimama mbele ya jiko langu, taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani, jicho moja amelifumba.

"Shikamoo, Mama Kaanaeli. Umeniita?"

"Marahaba. Sikukuita. Nilikusema."

"Basi sema, mama, sabuni inaniwasha."

Nikamwambia, "Mkono wa pili ulikuwa wangu. Nilisema tayari, sikugusa."

Nanyaro akajipangusa jicho. Subira akavua miwani. "Kwake umesema," akaniambia. "Bado kwa mwenye kuandika barua." Halafu akaja nyuma yangu, akanikuna katikati ya mabega, mahali ambapo tangu nifiwe hakuna aliyepafikia. Nikaamka nalia.

Kulikuwa kunapambazuka. Nilipiga magoti, nikasali, na mara hii sikutafuta maneno. Nikiwa bado nimeinama, hodi mlangoni. Ni Nanyaro, ambaye anakaa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa. Anahema. Kofia mkononi, shati limegandamana na mgongo uliolowa.

Alinisalimu kwa heshima kama siku zote, akaomba radhi kwa kunijia mapema. Alikuwa anaoga, alisema, ajiandae kwenda kupokea barua yake, akasikia natamka jina lake, karibu kabisa, kama niko nyuma ya pazia la bafu. Akadhani nina shida.

"Nimekuja mbio, mama. Ulikuwa unasemaje?"

Nyuma ya sikio lake la kushoto povu la sabuni lilikuwa halijakauka.

Nikachukua kanga yangu, nikajifunga, nikampita pale mlangoni, nikashika njia ya ofisi ya meneja kabla saa mbili haijafika.