Sauti ya Mzee Rwehumbiza Yapimwa

Kwaya ya kigango chetu, hapa Buswelu, ilishika nafasi ya mwisho kwenye mashindano, na kabla hatujafika nyumbani tulikuwa tumeshakubaliana nani katuangusha. Ni Mzee Rwehumbiza, fundi vitanda wa Igoma, mwenye kifua kipana na sauti ya besi ambayo, kwa maneno ya Bernadeta, inapita mbele ya noti bila kuzisalimia.

Bernadeta huimba sauti ya pili na husimama mbele yake, kwa hiyo alikuwa na haki zaidi ya kulalamika kuliko sisi.

"Huyu mzee mimi namsikia hata nikiwa Misungwi," alisema siku ya mazoezi. "Mwalimu, mpumzishe. Tumpe kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo."

Mwalimu Nestory, kiongozi wetu, ni mtu anayeogopa ugomvi. Alianza kufuta kinanda kwa kitambaa. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anasikia yote.

"Sikatai kuondoka," alisema kwa upole. "Ila nithibitishiwe. Mabesi tuko saba. Mnajuaje ni mimi?"

Hapo Prudencia akainua mkono. Prudencia anafundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja mjini, na tangu ajiunge na kwaya hakuna mtu aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu takwimu.

"Shikamoo, baba," alimwambia mzee.

"Marahaba, mwanangu."

"Hili linapimika."

Mpango wake ulikuwa huu. Bernadeta angekaa nyuma ya lile jiwe kubwa lililoko nyuma ya kanisa, asimwone mtu. Sisi tungeimba ubeti uleule mara kumi. Kila mara Prudencia angerusha sarafu ya mia mbili: ikilala upande wa simba, mzee anaimba, ikilala kichwa, anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Kisha Bernadeta angetamka kutoka kule kwenye jiwe, "yumo" au "hayumo".

"Tunaanza kwa kudhani kwamba Bernadeta hatofautishi kitu," Prudencia alieleza. "Anabahatisha tu."

"Kwa nini unidhanie hivyo?" Bernadeta aliuliza.

"Siyo wewe, dada. Kila kipimo huanza hivyo. Hiyo ndiyo nadharia tete, tunaiweka ili tuone kama itaanguka. Mtu anayebahatisha anaweza kupatia tano, sita, hata saba. Lakini kupatia tisa au kumi kwa bahati tupu hutokea kama mara moja katika mia. Basi tukubaliane sasa hivi, kabla hatujaimba: akipatia tisa au zaidi, tunakataa kwamba anabahatisha. Akiwa chini ya hapo, hatukatai."

"Na nane?" Mwalimu Nestory aliuliza.

"Mbahatishaji hufikia nane au zaidi kama mara tano na nusu katika mia. Mpaka wetu ni tano katika mia."

"Tunagombania nusu?"

"Mwalimu, mpaka ni mpaka."

Tulikubali wote, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kwamba nusu ingetusumbua.

Bernadeta akaenda jiweni. Huko alimkuta mbuzi wa katekista amelala kivulini, wakagombea nafasi kidogo, kisha akasema yuko tayari. Tuliimba. Zamu ya mzee ya kunyamaza ilipofika, alifungua mdomo kwa bidii kiasi kwamba mishipa ya shingo ilimtoka, na tulio karibu tukashindwa kuimba kwa kucheka. "Yumo," sauti ilisema kutoka jiweni. "Hayumo. Yumo. Mnisogezee huyu mbuzi. Yumo."

Alipatia nane.

Prudencia alitangaza matokeo akiwa na uso wa mtu anayesoma taarifa ya msiba. "Hatuna ushahidi wa kutosha kukataa kwamba alikuwa anabahatisha."

Mzee Rwehumbiza akasimama, akavua kofia. "Nashukuru," alisema. "Imethibitishwa kwamba naimba vizuri."

"Hapana, baba. Hatujathibitisha hilo. Ukimtafuta nyoka ndani kwa tochi mbovu usimwone, haina maana nyumba haina nyoka."

"Kwa hiyo mimi ni nyoka?"

"Wewe si nyoka, baba. Tatizo ni tochi. Mara kumi ni chache mno."

"Basi tuongeze mbili," alisema Bernadeta, aliyekuwa amerudi na manyoya ya mbuzi kwenye kitenge.

"Haturuhusiwi. Tukiongeza kila tunapokosa tunachokitaka, mwisho tutakipata tu, hata kama hakipo. Tukitaka, tupange kipimo kipya, kirefu zaidi, tuanze moja."

Bernadeta hakuridhika. Aliuliza alikosea wapi, akaambiwa: mara zote mbili alisema "yumo" wakati mzee alikuwa kimya.

Akafikiri. "Mimi nilichosikia nilikisikia," alisema polepole. "Kama si yeye, basi yuko mwingine."

Mabesi sita waliobaki wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mimi ni sauti ya tatu, hayanihusu, lakini nami nilijikuta natazama vyangu.

Jumapili iliyofuata ndipo tulipoona madhara. Wimbo wa mwanzo ulipoanza, kila mmoja wetu aliimba kwa tahadhari, ndani ya meno, asije akawa yeye ndiye yule mwingine. Mzee Rwehumbiza peke yake, akiwa na uhakika wa kisayansi, aliachia kifua chote. Misa nzima ikawa yake. Padri alipotoka alimshika mkono, akasema leo kwa mara ya kwanza amesikia maneno ya wimbo.

Mwalimu Nestory akatangaza kwamba Jumamosi kipimo kirefu kitafanyika, na safari hii mabesi wote watapimwa. Jumamosi ilipofika, mabesi sita walituma ujumbe kwamba wamepata msiba. Waliotaja mahali walitaja Magu, Misungwi na Sengerema.

Alikuja mzee tu, na Prudencia na sarafu yake, na Bernadeta ambaye safari hii alibeba kigoda. Mimi nilikuja kufungua mlango.

"Mama," mzee alimwambia Bernadeta, "tuache kupima. Niambie tu. Naharibu wapi?"

Bernadeta alikiweka kigoda chini. Nadhani hakutegemea kuulizwa. "Unashuka," alisema. "Ukifika mwisho wa mstari unachoka, unashuka kama mtu anayekaa kwenye kiti."

"Kumbe."

"Siyo sana. Kidogo."

Akamwimbia mstari, naye akaufuata. Akashuka. Bernadeta akampiga kidogo begani, mzee akapanda. Waliendelea hivyo mpaka mbuzi alipoingia kanisani kusikiliza. Prudencia alikaa benchi la nyuma, akirusha sarafu na kuidaka, na nilipomuuliza anafanya nini akasema hafanyi kitu, anaangalia tu kama ni nzima, haipendelei upande.