Viatu Vilivyongoja Theluji

Baba yangu, mzee Vahwere, alipokuwa kijana alibeba mizigo ya wageni kwenye mlima Ruwenzori. Hapa Bunia alinilea kwa hadithi za theluji, jinsi inavyolia chini ya mguu na jinsi inavyoumiza macho. Sasa haoni tena, na moyo wake umechoka. Ombi lake lilikuwa moja tu: niende nikaione, nirudi nimwambie kama bado ipo, maana redio inasema inayeyuka.

Nami niliitamani tangu utotoni. Asubuhi nilisimama mlangoni nikitazama kusini, ingawa kutoka kwetu huoni kitu ila mabati ya jirani.

Miaka minne kabla ya safari, baba alinichagulia viatu vya mlima kwenye tombola bwaka, mitumba ya sokoni. Alivikunja, akavinusa, akasema nivivae kila siku, kanisani na hata kwenye tope la mtaa wa Mudzipela. Mimi mwenye akili nyingi nilivipaka mafuta nikavifungia kwenye mfuko juu ya kabati. Nani anaingiza zawadi ya baba yake kwenye tope? Koti nilitafuta, glavu nilitafuta, kila Jumamosi nilipanda vilima na kilo kumi za maharagwe mgongoni na sapato, ndala tu, miguuni. Viatu vilingoja siku yao.

Nilipita Komanda na Beni hadi Mutwanga, nikapanda na Kambale, kiongozi wa mlima. Siku ya tatu, mawingu yakiwa yamefunga kila kitu, aliniahidi kwamba kesho asubuhi nitaiona. Saa hiyohiyo soli ya kushoto ilibanduka. Ya kulia haikufika mchana. Gundi ilikuwa imezeeka ndani ya mfuko kwa kukosa kuvaliwa. Nilizifunga kwa kamba, nikamwomba tuendelee. Alitazama miguu yangu.

“Yaya, kule juu iko baridi na mawe ya kuteleza,” alisema, akiniita kama ndugu yake mkubwa. “Mguu ikilowana, itakufa. Siye tunarudia hapa.”

Nilimchukia. Nilimchukia na muuza viatu pia, na yeyote aliyevivaa kabla yangu. Nililia nikiteremka mpaka chini.

Tulipofika Komanda nilikuwa nimeshatunga uongo. Maneno yote ya baba niliyajua kwa moyo, naye haoni. Ningemrudishia theluji yake mwenyewe, alale kwa amani.

Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa shati la Jumapili.

“Ingali inalia?” aliuliza.

Nilifungua mdomo niseme uongo wangu, yakatoka mengine.

“Sikufika, baba. Viatu ilipasuka. Sikuivaa hata siku moja. Ni mimi.”

Aliomba kiatu, akapitisha kidole mahali soli ilipokuwa. 

“Tulikuwa wabeba mizigo wawili, miye na Emery,” alisema. “Viatu yake ilipasuka vile vile. Akasema anaweza. Nilimuacha kule juu.”

Katika hadithi zake zote, Emery hakuwahi kuwemo.

Kisha baba alivuta mguu wangu mapajani mwake, akagusa vidole kimoja kimoja, vyote vitano. Akaomba mguu wa pili.

Theluji sijaiona, na hamu haijapungua hata kidogo. Wiki iliyofuata nilinunua viatu vingine, nikavivaa palepale, nikatoka sokoni moja kwa moja hadi kwenye tope.