Viti Viwili Vitupu Kwenye Kosta

Zamani kidogo, kabla Hanifa hajafika, Taasisi ya Utafiti wa Mbegu na Maji ilikuwa ikiwabeba wafanyakazi wake kwa magari manne. Pikapu iliwachukua alfajiri watu wa mashambani. Kosta, basi dogo, iliwafuata saa moja watu wa maabara na ofisi. Land Cruiser mbili ziliwabeba wakubwa, na mara nyingi mkubwa mmoja alijaza gari zima kwa mkoba wake na chupa yake ya maji.

Hanifa alitoka Tanga, binti mwenye sauti ya upole na daftari lisilombanduka mkononi. Alitumwa awe afisa mazingira, apunguze dizeli, moshi, umeme na karatasi katika taasisi ile kubwa ambayo kila siku iliwafundisha wakulima kutunza ardhi, huku yenyewe ikiwasha taa mchana. Akaanza kidogo kidogo. Viyoyozi vikazimwa kwenye vyumba vyenye madirisha mapana. Paneli za jua zikapanda juu ya paa la maabara, na jenereta likanyamaza. Jikoni kuni zikaondoka, gesi ikaingia. Mama Catheline, mpishi, alinuna siku tatu, siku ya nne akagundua kwamba macho yake hayawashi tena, akampelekea Hanifa chai yenye tangawizi.

Ndipo Hanifa akayafikia magari. Pikapu ikafungiwa ghalani, Land Cruiser moja ikarudishwa makao makuu, na tangazo likabandikwa: kuanzia mwezi wa tatu wafanyakazi wote, wa mashambani na wa ndani, watapanda kosta moja, itakayopita kijiji cha Ipyana saa moja kasorobo.

Restituta alilisoma tangazo lile akaona ni jambo jema. Alilisoma tena, akajua kwamba yeye hatapanda.

Restituta alikuwa mpima mbegu. Mikono yake midogo ilihesabu punje elfu moja za mpunga na kuzipima bila kukosea, na kazi hiyo aliipenda kama wengine wanavyopenda kuimba. Aliifanya kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mkataba ule ulikuwa unaisha mwezi wa nne. Kwenye taasisi hiyohiyo, huko chini kwenye mashamba ya majaribio, alikuwapo mzee Zebedayo, mfungulia maji wa mifereji. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hapiti mbele yake, haketi naye mahali pamoja, na jina lake halitamki. Hapo hakuna chuki hata chembe, ni heshima. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, lakini nyumba ya mzee Zebedayo haikulegeza, na Restituta hakutaka yeye awe wa kuivunja. Miaka minane aliishi naye ua mmoja, akimjua kwa kikohozi, kwa nyayo, na kwa namna alivyozungumza na ng'ombe wake kwa sauti ya chini. Magari yalipokuwa manne hapakuwa na tabu: mzee alikwenda na pikapu, yeye alikwenda na kosta.

Maneno yao yote yalikuwa yakipitia kwa mama mkwe. Mama huyo alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo hapakuwa na wa kuyapeleka. Anord, mume wa Restituta, alikuwa fundi wa magari Tunduma, akirudi mara moja kwa mwezi. Hata hivyo waliendelea kutunzana. Jioni Restituta aliweka chakula kwenye baraza la jiko la marehemu mama mkwe, akakohoa, akaondoka. Asubuhi alikuta kikombe cha maziwa mahali palepale, kimefunikwa kwa jani la mgomba.

Basi akapiga moyo konde. Mzee goti lake la kushoto lilikuwa limeharibika kwa miaka ya kusimama majini, na kosta ni moja. Atakayepanda ni mzee. Yeye bado ana miguu. Hakumwambia Anord kwenye simu, maana Anord angemwambia baba yake, na baba yake angeshuka garini siku hiyohiyo.

Kutoka nyumbani kwao Ipyana hadi taasisi ni kilomita saba. Restituta alichagua njia ya ndani, inayopita kwenye mikakao na kingo za majaruba ya mpunga, ili kosta isimpite barabarani na mzee akamwona. Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Milima ya Livingstone ilisimama buluu upande wa ziwa, na kila alipotembea alimwazia mzee amekaa kwenye kiti laini, mguu ameunyoosha, na moyo wake ukatulia.

Halafu mvua za Kyela zikaja kama zijavyo. Njia ikawa mto. Restituta alifika amechelewa dakika kumi, kesho yake ishirini, sketi imelowa hadi magotini. Wenzake wakamtania. Eliud, dereva, alitangaza mbele ya watu kwamba Restituta ana ugomvi na kosta yake, na kama inanuka aambiwe aioshe. Restituta alicheka nao. Barua ya kwanza ya onyo ikaja, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Ya pili ikaja, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Kila mtu alijua kwamba anayepata barua ya tatu haongezewi mkataba.

Wiki ya tatu Hanifa akamwita ofisini.

Hakumfokea. Alimpa kiti, akampa kitambaa ajifute maji ya mvua, kisha akafungua daftari. Alieleza kwamba wapo wakubwa wanaotaka pikapu itolewe ghalani, kwa sababu wanasema mpango wa gari moja umeshindwa. Wanamwonyesha kosta: kila asubuhi, viti viwili vitupu. Yeye alitaka tu kuelewa kabla hajaandika barua ya tatu, ambayo hakutaka kuiandika.

Restituta akatazama mikono yake. Angesemaje? Kulieleza jambo lile ni kumtaja mtu asiyeruhusiwa kumtaja, na kumtaja mbele ya mgeni.

"Kiti kimoja ni chako," Hanifa alisema. "Na huyu wa pili ndiye nisiyemwelewa kabisa. Mzee Zebedayo. Jina lake liko kwenye orodha ya kosta tangu siku ya kwanza, na hajapanda hata mara moja. Mlinzi wa getini anasema anafika kwa miguu kabla ya watu wote, goti limevimba hivi."

Restituta aliinua kichwa. Kumbe ule mlango uliokuwa ukifunguliwa saa kumi na moja alfajiri, akidhani mzee anakwenda kwa ng'ombe. Kumbe barabara kuu yote ile, kwa lile goti. Machozi yakamtoka.

Wakati huohuo mama Catheline aliingia na chai. Akamtazama Restituta, akalitazama daftari lililofunuliwa, akaona jina. Hakuhitaji kuelezwa.

"Dada Hanifa," alisema, akiweka sinia mezani, "unamuuliza mtu jambo ambalo kinywa chake hakiwezi kulijibu. Huyo mzee ni mkwewe."

Akaketi bila kukaribishwa, akamweleza yote: kutotazamana, kutotajana, kutokaa pamoja. Hanifa alisikiliza, kalamu imesimama hewani.

"Kwa hiyo huyu anatembea ili mzee apande," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na mzee anatembea ili huyu apande."

"Ndiyo, mwanangu. Na kosta inabeba hewa."

Mama Catheline alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, na Restituta naye akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Hanifa peke yake hakucheka. Alisema kosa ni lake. Alikuwa amehesabu lita, kilomita na viti, akasahau kuwauliza watu wanaoishi hapa wanaketije. Akasema kesho yake mwenyewe ataiomba pikapu irudi barabarani, wakubwa waseme watakavyo.

Hapo Restituta akapata sauti. Alimwomba asifanye hivyo. Gari zima liwashwe kwa ajili ya mtu mmoja, na moshi wote huo, wakati wakulima wanaambiwa wasichome hata mabua? Mzee mwenyewe asingelikubali.

"Basi tufikirie gari hilihili moja," Hanifa alisema. "Lakini kwanza nimuulize na yeye."

Akavua viatu vya ofisini, akavaa mabuti ya Eliud yaliyomzidi ukubwa, akashuka mashambani kwenye mvua nyembamba. Restituta alirudi maabara kwenye punje zake. Alihesabu mara tatu na mara tatu akapotea.

Hanifa aliporudi alikuwa na tope mpaka kwenye pindo la gauni. Alisimama mlangoni, akasema polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa asikimwage.

"Amesema nikwambie hivi: 'Mwambie mwanangu nilijua anapanda. Kila hatua niliyotembea nilikuwa nafurahi kwamba amekaa.'"

Restituta aliinamisha kichwa.

"Mwambie ndaga fijo," alisema. Asante sana. "Mwambie na mimi nilikuwa nafurahi hivyohivyo."

Na Hanifa, ambaye tayari alikuwa amelowa, akageuka akarudi tena matopeni kulipeleka neno lile, wala hakulalamika.

Barua ya tatu haikuandikwa. Mpango waliupanga watu wanne jikoni, na aliyejua zaidi alikuwa Eliud, maana gari ni lake. Kiti cha mbele kabisa, kando ya dereva, kiko mbele ya mlango wa abiria. Atakayeketi pale anaangalia barabara tu, na wanaopanda na kushuka hawapiti mbele yake. Mzee atapandia kituo cha juu, awe ameshakaa. Restituta atapandia kituo cha pili, aende nyuma. Kushuka, mzee atabaki kitini mpaka wote waishe. Palibaki kipande kifupi cha mlangoni, na mama Catheline akasema hicho wamwachie yeye.

Jumatatu ilikuwa imekauka. Restituta alisimama kituoni, moyo ukimdunda kama siku ya kuolewa. Eliud alipiga honi kutoka mbali, ishara waliyoafikiana. Mlango ulipofunguka, hakuona kiti cha mbele wala aliyeketi juu yake. Aliona kitenge kikubwa cha rangi ya njano kimetandazwa wima kama ukuta, upande mmoja kimeshikwa na mama Catheline, na upande wa pili kimeshikwa na Hanifa. Hanifa, aliyekuwa na haki ya Land Cruiser iliyobaki, alikuwa ameiacha nyumbani kwa mkurugenzi na kuja kusimama kwenye kosta.

"Pita, dada," alinong'ona.

Abiria wote waligeukia madirisha, hata wale wa kutoka mbali wasioijua desturi, kila mmoja akikuta ghafla kitu cha kutazama nje. Restituta alipita ameinama, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Kitenge kikashushwa. Gari likaondoka, na hapakuwa na kiti kitupu isipokuwa alichokwenda kukikalia Hanifa.

Ndipo alipoona kwamba kioo cha ndani, kile ambacho dereva hutazamia abiria, kimefunikwa kwa taulo dogo. Mtu mmoja akamuuliza Eliud kulikoni.

"Acha tu," Eliud alijibu. "Na kioo nacho kimepata mkwe."

Gari zima likacheka. Na kutoka mbele, juu ya vicheko vyote, Restituta akasikia kicheko asichowahi kukisikia miaka yote minane, kwa kuwa uani mzee aliishusha sauti kila alipojua mke wa mwanawe yuko karibu. Kilianzia puani, kikazuiliwa kidogo, kisha kikafumka kwa mikupuo mifupi mitatu. Hivyo hasa ndivyo anavyocheka Anord. Kicheko kile ndicho kilichomfanya ampende siku ya kwanza, sokoni Kyela, na hakuwahi kujiuliza Anord amekitoa wapi.

Restituta aliegemeza kichwa kwenye dirisha, mpunga ukipita kijani nje, akafumba macho apate kusikiliza vizuri.