Kibuyu Namba Kumi na Saba

Barua ya Stanislaus ilisema ameteuliwa kuwa Mtunzaji wa Chumba cha Mambo ya Kale, Kasulu. Haikusema atunze nini, wala vipi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Kumsenga aliyeondoka kwao na miaka saba kwenda kusoma kwa mapadri, na kabla ya kukabidhiwa ufunguo alipelekwa Dar es Salaam wiki sita kujifunza kazi. Alirudi na jozi moja ya glavu nyeupe na amri nyingi. Mimi niliajiriwa kuandika leja. Naitwa Kudra, binti wa Athuman muuza vitambaa. Baba alitoka Pangani, Kiswahili nilikinyonya, na nilijivuna nacho kupita kiasi. Majivuno hayo ndiyo yaliyoanzisha yote.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Malori yalijaa, na kisichoingia kwenye lori kilibaki shambani. Stanislaus alikwenda huko kwa baiskeli kuomba vitu: mikuki, vigoda, vyungu vya pombe, mitego ya panya. Watu walimpa bila maneno mengi, maana hawakuwa na pa kuviweka. Wengine walimtania kwamba serikali imekosa kazi ya kumpa.

Mama mmoja wa Makere, Immakulata, alikuja mwenyewe ofisini. Mgongoni alibeba kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, amekifunga kwa kanga kama anavyobebwa mtoto. Akakifungua, akakiweka mbele yangu.

"Nimekuja kutunza igisabo cha mama hapa kwenu," akasema.

Sasa, kwetu sisi bibi harusi hutunzwa. Mwimbaji akiimba vizuri hutunzwa. Unampa mtu kitu kwa furaha yako, na hakirudi. Nikamwona mama huyu mkarimu kweli, nikaandika: namba 17, kibuyu, zawadi. Nikamshukuru, naye akanishukuru, akaenda zake. Kumbe yeye aliniachia amana. Kiswahili alijifunza ukubwani, na neno lile alilijua kwa maana moja tu, ya kuweka kitu salama. Tuliachana sote wawili tumeridhika, na hapo ndipo pabaya.

Alirudi baada ya miezi minane. Nyumba yake ya kijijini ilikuwa imesimama na ng'ombe wake amezaa.

"Nimekuja kuchukua igisabo changu, mwanangu."

Nilifungua leja, nikalikuta neno langu: zawadi. Nikamwita Stanislaus. Aliisoma ile mistari yangu mara mbili, akavua miwani.

"Ndugu, kitu kikishaingia humu ni cha Taifa."

"Nani kakwambia nimekupa?" Immakulata alimuuliza, bila kupandisha sauti. "Mama alisukia humo mpaka akafa. Kibuyu kipya kinatia uchungu kwenye maziwa mwaka mzima. Hiki ukikifungua, unamkuta mama."

Stanislaus hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu wapo waliosema vingine. Alikuwa na hofu tu. Kwake mtunzaji ni mtu ambaye hakuna kitu kinachotoka mikononi mwake, na siku kitakapotoka kimoja, kazi imemshinda. Nilimwambia kosa ni langu, tulisahihishe. Akajibu kwamba leja haifutwi.

"Mwalimu," nikasema, "wewe ni mtunzaji au ni kufuli?"

Akarudi mezani kwake. Siku ya tatu alinisomea barua ya kwenda mkoani niipige chapa, akiomba ruhusa ya kurudisha namba 17. Mahali pa kueleza nani alikosea, aliweka jina lake. Niliipiga chapa kama alivyoisoma, na tangu siku ile nilimheshimu.

Mkoa haukuwa na haraka. Kila Alhamisi Immakulata alikuja kwa miguu, akakaa kizingitini, akauliza kama jibu limefika. Kugusa hakukuruhusiwa, kwa hiyo alikitazama kibuyu kwa mbali, pale juu ya rafu. Alikuwa ameazima cha jirani, lakini siagi ilikataa kutoka, na maziwa mengi aliishia kuyagawa. Alinieleza hayo bila kulalamika. Nilitamani anitukane, ningepumua.

Wiki ya saba ruhusa ilikuja. Stanislaus alivaa glavu zake, akakishusha kibuyu, akakileta kwa mikono miwili. Alikuwa amefurahi waziwazi. Nadhani njiani, kati ya rafu na meza, alikuwa ameanza kuipenda kazi yake kwa namna nyingine.

Immakulata hakukitazama. Alichomoa kizibo, akaweka pua mdomoni pa kibuyu, akafumba macho. Akakaa hivyo. Kisha akakigeuza, akanusa kitako, akarudi tena mdomoni.

"Mmemfanya nini?" akauliza.

Stanislaus hakuelewa. Akaanza kueleza, kwa fahari kidogo, kwamba amekipaka vanishi ndani na nje, mara mbili. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, na vanishi aliipata kwa seremala. Kila kitu chumbani amekipaka, na hakuna mdudu atakayethubutu kukigusa.

"Kulikuwa na moshi humu," alisema Immakulata. "Na siagi. Mama alikuwemo."

Alirudisha kizibo, akakikaza vizuri kama mtu anayeondoka kwenye nyumba ya watu. Akaikunja kanga aliyokuja nayo ya kubebea, akatoka. Nilimwita, hakugeuka. Nililia pale pale mezani, na sioni aibu kusema.

Stanislaus alivua glavu. Akakichukua kibuyu kwa mikono mitupu, akakifungua, akanusa. Halafu akaenda kwenye rafu. Akanusa kigoda. Akanusa chungu cha pombe, kiko cha tumbaku, mwiko, podo la mishale, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Vilikuwa thelathini na tatu, na vyote vilinuka sawa.